Hakuna Anayetafuta "Nyumbani"

Tunduma, Jumapili mchana

Sekela mwanangu,

Nakuandikia nikiwa ofisini. Mlango nimeurudishia, na mama yako nimemuaga kanisani kwamba nakuja kuangalia karatasi za gari moja. Hakuna gari. Nimetoka kanisani moja kwa moja, bado nina tai shingoni, na nimekaa kwenye kiti chako kwa sababu changu kinayumba. Kesho asubuhi unavuka geti la mpaka kwenda kupanda basi la Kitwe, na najua mbele ya mama yako sitapata nafasi ya kusema neno. Tangu Alhamisi msemaji ni yeye. Blanketi, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, unga wa kwetu Mbozi, utafikiri Zambia hawalimi mahindi. Hayo yote nimemwachia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni ule ukurasa wetu wa mtandaoni, pamoja na makosa niliyoyafanya juu yake na juu yako.

Nianze kwa kujisifu, maana unanijua. Nilipofika hapa nimeazima simu ya Bi Zuhura wa chakula hapo nje, kwa kuwa ulinionya kwamba simu yangu imeshanizoea na inaweza kunipendelea. Nikaandika kwenye kile kisanduku cha kutafutia, kwa herufi ndogo, bila nukta, jinsi watu wanavyoandika: kuvusha gari nakonde. Wa kwanza ni sisi. Wa pili ni sisi tena, ule ukurasa wa karatasi zinazotakiwa. Wa tatu ndipo anakuja yule jamaa mwenye ofisi ya ghorofa. Nimepiga kelele hadi wateja wa Bi Zuhura wakaacha kula. Yeye akaniambia, "Baba Sekela, kila siku wa kwanza, na kila siku unashangaa!" Nashangaa, ndiyo. Nitaendelea kushangaa mpaka nizeeke.

Sasa makosa. Kuna jambo sijawahi kukuambia sawasawa, nalo ni jinsi nilivyoanza kazi hapa mpakani. Nilikuja Tunduma miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, nikiwa na mashine ya kuchapa niliyoachiwa na baba yako mkubwa. Niliweka meza karibu na geti, nikawa nawachapia watu fomu na barua. Dereva anakuja amechoka, hajui aanzie wapi, anasema kwa maneno yake, "Mzee, gari yangu wameikatalia, wanataka karatasi sijui ya nini." Mimi namsikiliza, namuuliza mawili matatu, kisha nachapa. Sikuwa na cheo wala elimu ya maana. Nilichokuwa nacho ni kusikiliza mtu aliyekwama na kumjibu lile aliloliuliza. Kwa hilo tu nikapata jina, kutoka jina nikapata leseni ya uwakala wa forodha, na kutoka leseni nikapata kitambi na kadi zilizoandikwa Mkurugenzi. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza.

Unakumbuka ulivyorudi kutoka chuo Mbeya ukaikuta ofisi imepoa. Wateja wa Zambia na Kongo walikuwa wameacha kuja getini kuulizia wakala. Walikuwa wanamtafuta kwenye simu wakiwa bado kwao, wakifika hapa wanamjua wanayemtaka, na huyo hakuwa mimi. Nikaona dawa ni kuwa na tovuti. Nikamwita fundi wa ile kafe ya intaneti, nikamwambia nataka kitu kikubwa. Akapiga picha bango letu la nje, lile la rangi ya bluu, akaliweka lote mtandaoni kama lilivyo. Hakuna neno hata moja lililochapwa. Maelezo yote, hata namba ya simu, yalikuwa ndani ya picha, na picha yenyewe nzito, mtu anaisubiri mpaka chai inapoa. Kwenye bango, kama hujasahau, niliandika "Suluhisho Jumuishi la Mnyororo wa Usafirishaji". Maneno hayo niliyasikia kwenye semina. Mpaka leo sijui maana yake vizuri. Na kule juu kabisa, mahali pa jina la ukurasa, fundi akaandika "Nyumbani".

Tulizindua kwa soda na keki. Wiki ile ile ukaniambia, kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, naomba nikuulize. Mtu aliyekwama na gari yake, anaandika nini pale? Anaandika 'nyumbani'?"

"Anaandika jina la kampuni," nikakujibu.

"Halijui bado, Baba. Ndiyo maana anatafuta. Na ule mtambo wa kutafutia hausomi picha, unasoma maneno. Ukija kwetu unakuta neno moja tu, 'Nyumbani', unaondoka. Hakuna anayetafuta 'nyumbani'."

Nilichofanya mimi kilikuwa kibaya, na nakiandika hapa ili usije ukafikiri nimesahau. Nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, mbele ya Bi Zuhura na madereva waliokuwa kwenye benchi lake, nikasema, "Jamani, huyu nimemsomesha miaka yote hii aje kuniambia neno 'nyumbani' ni kosa!" Wote wakacheka. Wewe ukachukua mkoba wako ukatembea kwa miguu mpaka nyumbani Mpemba, na huko ukasema umeamua tu kunyoosha miguu. Mama yako hakunipa chakula siku ile mpaka nilipoomba. Nilijua kwa nini, nikajifanya sijui.

Tena sikuishia hapo. Moyoni nilijua una hoja, lakini sikutaka ionekane nimefundishwa na mtoto niliyembeba mgongoni. Nikarudi kwa fundi kwa siri. Akaniambia kuna ujanja. Tuchukue maneno "wakala bora Tunduma", tuyarudie mara nyingi chini ya ukurasa, kwa rangi nyeupe juu ya karatasi nyeupe. Wageni hawatayaona, ila ule mtambo utayaona na kututukuza. Nikaona hapa sasa nimepata mtu mwenye akili. Na kweli, siku chache tulionekana kwa mbali, huko kurasa za nyuma. Nikaanza kutembea mtaani nimebinua kifua. Kisha tukapotea kabisa. Hata nikiandika jina letu lote, herufi kwa herufi, hatupo. Ukurasa wetu ulikuwa umetupwa nje kama mtu aliyekamatwa na leseni ya bandia.

Siku niliyobandika mlangoni karatasi ya "Ofisi inapangishwa" ndiyo siku uliyogundua. Ulikuwa umeketi hapa nilipoketi mimi sasa. Ukavuta kile kimshale kutoka juu mpaka chini ya ukurasa, na pale palipokuwa peupe pakawaka bluu, maneno yakajitokeza: wakala bora Tunduma wakala bora Tunduma wakala bora Tunduma, mpaka mwisho. Nilitamani sakafu ipasuke. Nikangoja nawe ucheke, maana ilikuwa zamu yako na ulikuwa na haki. Hukucheka. Ulisema, "Baba, nipe miezi mitatu. Karatasi ya mlangoni usiitoe, ila usimpe mtu funguo." Mwanangu, nimewahi kusimama mbele ya maofisa wa kila aina hapa mpakani, lakini sijawahi kuona mtu mkubwa kuliko ulivyokuwa wewe dakika ile.

Nilidhani utaanza na kompyuta. Wewe ukachukua daftari, ukaenda kukaa kwenye benchi la Bi Zuhura. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Kila dereva na kila mwenye gari aliyekuja kula, ulimuuliza swali moja: ulipokuwa unatafuta wakala kwenye simu, uliandika nini? Na jibu ukaliandika vile vile alivyolisema, na makosa yake ya herufi. Ukaniletea daftari. Nikafungua ukurasa wa kwanza, nikaona Nakonde. Wa pili, Nakonde. Wakala Nakonde. Gari imekwama Nakonde. Nakonde karatasi gani. Tunduma ilionekana mara moja moja, tena kwa watu wa Mbeya na Dar.

Hapo ndipo nilipolipuka. Unajua nilivyo na neno hilo. Tangu enzi za mashine ya kuchapa, mtu amesimama Tunduma, miguu yake iko juu ya udongo wa Tunduma, anakuambia, "Niko Nakonde." Nilikuwa nawasahihisha hata kwenye simu. "Si Nakonde, ni Tunduma! Nakonde ni ng'ambo!" Wengine wakikata simu nasema ni wajinga. Niliweka sheria kwamba neno hilo halitaandikwa kwenye karatasi yoyote ya ofisi hii, isipokuwa fomu ya serikali. Nikakuambia, "Kampuni iko Tunduma, mwenyewe anaishi Tunduma, halafu ukurasa uandikwe Nakonde? Unataka niwe mgeni kwenye ofisi yangu?"

Ukanijibu, "Mteja wako anatokea upande ule, Baba. Anapaita kwa jina la upande wake. Kama neno lake halipo kwenye ukurasa wetu, atajuaje kwamba tunamwambia yeye?"

Nikasema hapana. Tukawa tunapishana mlangoni bila kuongea. Aliyenikomboa ni Bi Zuhura, na sijakuambia hili kwa sababu ya aibu. Aliniletea chai akasimama, mkono kiunoni. "Baba Sekela, mimi natoka Kondoa. Hapa kila siku anakuja Mzambia, ananiambia, 'Mama, nipe nshima.' Ningemwambia hapa hakuna nshima, kuna ugali, angekula wapi?"

"Kwa mwingine," nikasema.

"Basi mimi nampa ugali wangu, namwambia nshima hii hapa, karibu. Anashiba, anarudi kesho. Ugali umepungua nini?"

Chai ile niliinywa ikiwa imepoa. Kisha nikakufuata, nikakuambia, "Andika Nakonde." Ukaniuliza wapi. Nikasema popote. Ukasema hapana, si popote, tusirudie yale ya rangi nyeupe. Ukasema liandikwe pale linapostahili, kwenye kichwa cha ukurasa, kwenye sentensi za mwanzo, halafu tuongee kama watu. Na ukaandika majina yote mawili, Tunduma na Nakonde, yakiwa pamoja kama miji yenyewe inavyopeana mkono pale getini. Nikaona hata jina langu halikupungua.

Miezi ile mitatu ndiyo iliyonirudishia ujana, Sekela. Uliniambia kila swali la daftarini lipate ukurasa wake peke yake, na swali lenyewe ndilo liwe kichwa. Kisha jibu lije mwanzoni, kabla ya salamu na sifa. "Nani anajua majibu?" ukauliza, ukanisogezea kibodi. Nilichapa kwa vidole kumi, kama zamani. Ulisimama nyuma yangu, ukamwita mama yako kwa simu, "Mama, njoo umwone Baba anavyochapa!" Nilikuwa nimeketi tena kwenye ile meza ya getini, ila safari hii aliyekwama alikuwa Kitwe au Lubumbashi, simjui sura, naye nikamjibu kama nilivyowajibu wale. Ulipunguza tu majigambo. Palipoandikwa "kampuni yetu mahiri" ulifuta, ukaandika karatasi zinazotakiwa, moja baada ya nyingine, na siku zinazochukua.

Mengine uliyafanya mwenyewe nikikuangalia. Zile picha nzito ulizipunguza, na kila picha ukaipa maelezo ya maneno yanayosema ni ya nini. Kila ukurasa ulioutengeneza ulikwenda kuufungua kwenye kile kisimu cha Bi Zuhura chenye kioo kilichopasuka. Ukichelewa kufunguka, unarudi unapunguza tena. Vichwa vidogo ukaviweka ili mtu mwenye haraka aone pa kushika. Kurasa za Kiswahili zikakaa peke yake na za Kiingereza peke yake, maana nilikuwa nazichanganya kama mahubiri ya harusi. Kutoka ukurasa mmoja kwenda mwingine ulifungua njia kwa maneno yanayoeleza aendako mtu, si lile "bofya hapa" la fundi wangu. Na ile mistari miwili inayotokea chini ya kichwa mtu anapotafuta, uliniambia haitupandishi yenyewe, ila ndiyo inayomfanya mtu aingie kwetu badala ya kwa jirani. Mimi nilitaka kuweka humo Suluhisho Jumuishi. Ukasogeza kibodi mbali nami.

Mwezi wa kwanza haukuleta kitu. Wa pili nilianza tena ule ugonjwa wangu, nikakuuliza kama hatuwezi kunakili kurasa za yule jamaa wa ghorofa, kwa kuwa yeye yuko juu. Ukasema mtambo tayari unazo za kwake, utazitaka zetu za nini kama ni zile zile? Nikarudi kuchapa. Mwenye nyumba alishaleta watu wawili kuangalia ofisi, mmoja alipima ukuta kwa futi kamba mimi nikiwa ndani. Kisha tukaonekana ukurasa wa nne wa matokeo. Wiki iliyofuata, wa pili. Nilikuwa nakuja asubuhi nachungulia kabla ya kufungua madirisha.

Halafu akaja Ba Mwape. Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya shati lake. Mtu mrefu, amevuka geti kwa miguu, mkononi ana karatasi mbili alizozichapisha kwao Kitwe, zimekunjwa mara nne. Alipita kwa yule jamaa wa ghorofa, hakusimama. Akaja mpaka mlangoni, akasoma "Ofisi inapangishwa", akashtuka.

"Mulishani, batata," akanisalimu, mkono kifuani. "Hii ndiyo ofisi ya peji hii? Mumefunga?"

Nikatazama karatasi. Ulikuwa ukurasa wetu, na majibu yangu, sentensi zangu mimi. Kwa kalamu nyekundu alikuwa ameweka alama kila karatasi aliyokwisha kuipata.

"Hatujafunga," nikasema. Nikaibandua ile karatasi ya mlangoni mbele yake, ikachanika katikati, nikaitia mfukoni.

"Nilisoma kwingine, sikuelewa. Hapa niliona Nakonde, na lile swali, ni swali langu kabisa," akasema. "Nikajua aba bantu, hawa watu, wananifahamu. Niko na magari sita, na rafiki zangu wanakuja nyuma."

Unakumbuka nilivyokuita? Watu walidhani kuna ajali. Bi Zuhura alipiga vigelegele kabla hata hajajua sababu, akaja mbio na kijiko mkononi, na Ba Mwape akawa anacheka, anashukuru kwa Kibemba, "Natotela, natotela sana," akidhani ndivyo tunavyowapokea wateja wote. Nikawatangazia madereva wote wa benchi lile lile, walewale niliowachekesha, "Jamani, huyu ndiye niliyemsomesha!" Wewe ulitazama chini ukatabasamu. Lakini hukusikia neno nililopaswa kulisema siku ile, kwa kuwa sikulisema. Nalisema sasa. Nisamehe, mwanangu. Nilikudhalilisha mbele za watu, na sifa nilizokupa baadaye hazikufuta hilo.

Leo ofisi ina watu wanne na benchi letu wenyewe. Na Ba Mwape, yule yule, ndiye aliyemwonyesha yule bosi anayekuajiri huko Kitwe ukurasa wetu, na bosi akauliza ni nani aliyeutengeneza. Kwa hiyo ukurasa ulioninusuru ndio unaokuchukua. Nimelifikiria hilo wiki nzima, nikajaribu kukasirika, nikashindwa. Najivuna tu. Binti wa mchapaji wa getini anavuka geti lile lile kwa sababu ya kazi ya mikono yake, na wamemfuata wao.

Huko uendako watakuja watu kama mimi. Watakuwa na haraka, watataka uwaandikie maneno meupe juu ya karatasi nyeupe, na watakuwa wakubwa kwako kwa umri na cheo. Siwezi kukufundisha namna ya kuwakatalia, kwa sababu mimi ulinikatalia vizuri kuliko ninavyojua kueleza. Na siku utakapokuwa na kadi iliyoandikwa Mkurugenzi, nenda ukakae kwenye benchi la mama ntilie na daftari. Mimi niliacha, nusura nipoteze ofisi.

Kuna jambo la mwisho. Juzi, ulipokuwa sokoni na mama yako, nimeongeza ukurasa mmoja kwenye tovuti, mwenyewe, bila kukuuliza. Ninajua nimevunja sheria zako zote. Hauna swali la mteja yeyote. Picha nimeiweka nzito makusudi, maana nikiipunguza uso wa mama yako unapoteza nuru. Ipo veranda yetu ya Mpemba, yupo Bi Zuhura na kijiko chake, na mimi nimekaa mbele ya kibodi, vidole kumi. Kichwa chake nimekiandika "Nyumbani". Hautashika nafasi ya kwanza, wala ya mia. Ulikwisha kuniambia hakuna anayelitafuta neno hilo.

Nimeuandika kwa ajili ya mtu mmoja, siku atakapolitafuta.

Baba yako,
mchapaji